Nyumba Iliyokawia Kuuzwa na Dalali Anayebisha Hodi

Hotuba ya maafisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa mpakani, Busia

  

Tumezoea kukutana nanyi kuzungumza juu ya magendo, wizi wa mifugo na watoto wanaovushwa mpaka bila wazazi wao kujua. Leo tumekuja na jambo linaloanza kwa utulivu sana. Linaanza na maneno mawili yaliyoandikwa kwa rangi ukutani, pamoja na namba ya simu: NYUMBA INAUZWA.

Kila mmoja wetu anajua kuta zenye maneno hayo. Nyingine zimeandikwa mwezi uliopita, na nyingine rangi yake imeshafifia kwa jua na mvua. Mwenye nyumba aliamua kuiuza mwenyewe, bila dalali, kwa sababu inayoeleweka kabisa: hakutaka jasho lake ligawanywe. Akaandika ukutani, akawaambia majirani, akatangaza msikitini au kanisani, akangoja. Wakaja watu wawili watatu, wakatazama, wakaahidi kurudi, hawakurudi. Mwezi ukapita, ukafuatiwa na mwingine. Karo ya shule haingoji, mgonjwa hangoji, na deni halingoji. Ndipo anapobisha hodi mtu ambaye hakuitwa, na kusema: "Nyumba yako nimeiona. Mteja ninaye."

Mtu huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia leo. Hatukuja kumtukana. Udalali ni kazi halali, na wako miongoni mwenu, hata katika mkutano huu, madalali waaminifu wanaowalisha watoto wao kwa kazi hiyo. Tena, kuzifuata nyumba zinazouzwa na wenyewe, na zile zilizotangazwa zikakosa mnunuzi, si jambo la hapa kwetu peke yake. Nchini Marekani ni sehemu inayojulikana ya kazi ya dalali: akiona kibao cha mwenye nyumba, au akijua kwamba mkataba wa mwenye nyumba na dalali mwingine umefika mwisho kabla nyumba haijauzwa, hupiga simu au hubisha mlango kuomba apewe yeye kazi hiyo. Lakini huko dalali huwa na leseni ya jimbo, mkataba wake na mwenye nyumba una tarehe ya mwisho, na tangu mwaka 2003 lipo daftari la taifa la namba za simu za watu wasiotaka kupigiwa na wauzaji, ambalo dalali wa nyumba naye analazimika kuliheshimu. Kwa hiyo hodi yenyewe haina kosa. Linalotuhusu sisi polisi, na ninyi wenye nyumba, ni namna mlango unavyofunguliwa baada ya hodi hiyo.

Turuhusuni tuwasimulie kisa kimoja. Jina la mhusika na mtaa wake tutayaficha, maana aibu aliyoipata inatosha.

Mama mmoja, mjane, alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni kwa miaka mingi. Kwa akiba yake mwenyewe alijenga nyumba ya vyumba vitatu karibu na mpaka. Umri ulipomfikia akataka kuiuza ili arudi kijijini kwao na kumalizia karo ya mjukuu wake. Akaandika ukutani. Miezi minane ikapita bila mnunuzi. Siku moja akaja kijana nadhifu, mwenye heshima, akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu," mama akamwambia.

"Asante, mama. Nyumba yako imekaa muda mrefu, na nyumba ikikaa sana watu huanza kuitilia shaka. Mimi mteja ninaye, yuko ng'ambo, pesa anayo mkononi. Shida yake ni kwamba ana haraka. Nipe nakala ya karatasi zako nimwonyeshe, na ufunguo wa chumba cha mbele, nikija naye nisikusumbue sokoni."

Mama akampa. Hakumpa kwa ujinga. Alimpa kwa uchovu. Miezi minane ya kungoja ilikuwa imefanya kazi ambayo kijana yule hakuwa na haja ya kuifanya.

Katika wiki mbili zilizofuata kijana alikuja na watu mara kadhaa. Kila mara alimwambia mama kwamba wanatazama tu. Kisha, asubuhi moja, familia tatu zikafika mlangoni pake kwa saa moja ile ile, kila moja na magodoro yake, vyombo vyake na watoto wake. Kila moja ilikuwa imelipa fedha za kushika nyumba, na kila moja ilikuwa na karatasi yenye jina la mama na sahihi ambayo mama hakuiweka. Kijana simu yake ilikuwa imezimwa. Kelele zikapanda, watu wakajaa, na kabla ya saa nne mama yule, aliyekuwa hajapokea hata shilingi moja, alikuwa akiitwa mwizi mbele ya majirani aliokaa nao maisha yake yote.

Tulipofika, jambo moja lilimwokoa. Mama huyu alikuwa na daftari. Kwa kuwa alizoea kuandika sokoni nani amechukua samaki na nani amelipa, aliandika pia kila siku kijana alipokuja, namba ya simu aliyotumia, na majina ya watu aliokuja nao kama walivyojitaja. Siku zilizoandikwa zililingana na maelezo ya familia zile tatu, na sahihi yake ndani ya daftari haikufanana hata kidogo na ile iliyokuwa kwenye karatasi zao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tuliona kwamba hata heshima ya mtu yaweza kulindwa na daftari.

Lakini hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yaliisha vizuri kwa kila mtu. Familia moja tu ilirudishiwa sehemu ya fedha zake. Nyingine mbili bado zinangoja. Fedha huvuka mpaka kwa simu kabla kikombe cha chai hakijapoa. Jalada la kesi huvuka kwa barua na kwa majuma. Ushirikiano upo, na tangu mwaka 1998 wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana jumuiya yao iliyoundwa Kampala kwa ajili ya kazi za namna hii. Hata hivyo ni afadhali kuziba ufa kuliko kujenga ukuta.

Sasa tujiulize: nyumba ile ilikawia kwa nini? Wengi husema nyumba ina mkosi, au kuna mtu ameifunga. Sisi, katika mashauri tuliyoyasikiliza, mara nyingi tumekuta sababu iliyo wazi zaidi. Tuseme wewe unataka shilingi milioni 60. Dalali wa kwanza anamwambia mteja milioni 66, ili 6 ziwe zake. Anampa habari dalali wa pili, naye anaongeza milioni 6 nyingine. Mnunuzi anasikia milioni 72, anacheka, anaondoka. Wewe umekaa nyumbani hujui kwamba nyumba yako inatangazwa kwa bei ambayo hukuitaja. Hicho ndicho kinachoitwa cha juu. Kinamwibia mnunuzi, na kinakuibia wewe pia, maana kinakufanya uamini kwamba nyumba yako haitakiwi. Ukishaamini hivyo, anakuja mtu na kukuambia, "Punguza hadi milioni 45, mama, soko limekufa," nawe unakubali. Nyumba haikukosa wateja. Ilikosa bei ya kweli.

Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa mwenye nyumba ni hili: kukawia si msiba. Nyumba iliyokaa mwaka mzima bila kuuzwa bado ni nyumba yako. Nyumba iliyouzwa kwa haraka bila maandishi yaweza isiwe yako, na fedha nazo zisiwe zako. Mtu akija na haraka, haraka hiyo ni ya kwake, usiibebe wewe.

Neno la pili: dalali akibisha hodi, mkaribishe, kisha mwulize maswali matatu kabla ya kumwonyesha hata chumba kimoja.

Swali la kwanza, wewe ni nani? Mwombe kitambulisho cha taifa, andika jina na namba yake, na mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji amjue. Dalali mwaminifu hatakasirika. Ikiwa nyumba iko upande wa Kenya, jua kwamba nchi hiyo ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi na bodi inayowasajili. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Mwombe akuonyeshe cheti chake cha usajili.

Swali la pili, utalipwa kiasi gani, na nani, na lini? Jibu liandikwe. Kama mmekubaliana asilimia 5 ya milioni 60, andika shilingi milioni 3, na andika kwamba atalipwa baada ya nyumba kuuzwa na fedha kupokelewa. Andika pia bei yako, na kwamba haruhusiwi kuongeza cha juu. Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Kwa hiyo maneno ya mdomoni chini ya mwembe hayatoshi, hata kama mmekula yamini.

Swali la tatu, kazi hii inaisha lini? Weka tarehe ya mwisho: miezi miwili, miezi mitatu, kama mtakavyopatana. Tarehe ikipita bila mauzo, kila mmoja yuko huru. Tumeona ugomvi mkubwa, hata watu kutoleana panga, kwa sababu dalali wa mwaka juzi alidai malipo ya nyumba iliyouzwa na dalali wa mwaka huu. Laiti ingekuwepo tarehe moja tu kwenye karatasi, damu isingemwagika.

Kama umewaruhusu madalali zaidi ya mmoja, basi daftari lako lieleze nani alimleta mnunuzi gani, na siku gani. Siku ya malipo daftari litasema, nawe hutahitaji kupaza sauti.

Neno la tatu ni juu ya vitu visivyotoka mkononi mwako. Hatimiliki ya asili, au hati ya asili ya makubaliano uliyonunulia kiwanja, haitoki nyumbani kwa ajili ya kuonyeshwa mteja. Mteja wa kweli atakuja kuiona mbele yako, au atakwenda kuthibitisha kwenye ofisi ya ardhi. Tunazo ofisi za kanda za Wizara ya Ardhi, kama zile za Tororo na Masaka, ambako mtu aweza kulipa ada na kupata taarifa ya hatimiliki: ni ya nani, na kama ina deni la benki au zuio la mahakama. Ukitoa nakala, andika juu yake kwa kalamu: "Ni nakala ya kutazama tu," pamoja na tarehe na jina la uliyempa. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi tupu. Kama husomi vizuri, usione haya. Mwombe mtu unayemwamini, ambaye si dalali wala si mnunuzi, akusomee neno kwa neno katika lugha unayoielewa. Na fedha za kushika nyumba zipokelewe na wewe mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa risiti yenye sahihi yako. Dalali asikupokelee.

Neno la nne ni la nyumbani. Dalali mwenye haraka humtafuta yule mmoja katika familia aliye tayari kuuza: mume ambaye mkewe yuko safarini, au kijana ambaye baba yake amefariki juzi. Sheria ya Ardhi ya Uganda inasema kwamba ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki yake haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Ridhaa hiyo iandikwe. Ng'ambo, upande wa Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 nayo inadai ridhaa ya wote wawili. Na nyumba ya marehemu haiuzwi na mrithi yeyote mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi. Dalali akikuambia, "Tuuze kwanza, hayo ya mahakama yatafuata," ujue anakupeleka kizimbani, na yeye hatakuwa karibu nawe.

Neno la tano linatuhusu sisi tunaoishi kwenye mstari huu. Busia ni mji mmoja wenye majina ya nchi mbili. Tunaoana, tunazikana, tunakunywa maji ya mvua moja. Tangu mwaka 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpakani, na msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Watu hudhani kwamba na ardhi nayo imekuwa moja. Haijawa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaweka ardhi mikononi mwa raia. Asiye raia aweza kukodishiwa tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inamwekea mgeni mpaka huo huo wa miaka 99. Kwa ndugu zetu wa Mutukula, upande wa Tanzania mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kisheria.

Tunayasema haya kwa sababu madalali wengine humwambia mnunuzi kutoka ng'ambo: "Usijali, tutaandikisha kwa jina la ndugu yangu, nyumba ni yako." Siyo yake. Mbele ya sheria ni ya ndugu wa dalali, na siku ndugu huyo akiamka vibaya, mnunuzi atakuwa mpangaji asiye na mkataba. Nawe mwenye nyumba utaitwa shahidi, pengine mshtakiwa. Mnunuzi akiwa raia wa nchi nyingine, mwambieni ukweli mapema, na wote wawili mwendeni kwa wakili.

Neno la sita ni la usalama wa mwili na mali. Kumwonyesha mtu nyumba ni kumwonyesha madirisha yake, makufuli yake, mbwa wake na nani analala wapi. Wezi wanalijua hilo. Kwa hiyo onyesha nyumba mchana, usiwe peke yako, na mwenyekiti au jirani ajue nani anakuja. Usimwambie mgeni kwamba unaishi peke yako, wala siku utakayosafiri. Ufunguo usimpe mtu. Ukishaukabidhi, hata ukirudishiwa, badilisha kufuli. Na kama kuna wapangaji ndani, waarifu mapema. Nyumba ni yako, lakini chumba wanacholipia kina heshima yake.

Neno la saba ni kwa wale waliobadili nia. Wengi wenu mlitaka kuuza, mkakosa bei, mkaamua kubaki. Hiyo ni haki yenu. Lakini mmesahau maneno ukutani, na picha za nyumba yenu bado zinazunguka kwenye simu za watu msiowajua. Nyumba iliyotangazwa ikaachwa hivyo ni chombo kizuri sana kwa tapeli: ana picha, ana bei ya zamani, ana namba ya kiwanja, na anajua kwamba mwenyewe hasubiri tena mteja. Atachukua fedha za mtu wa mbali kwa nyumba ambayo haiuzwi. Kwa hiyo ukiacha kuuza, piga rangi ukuta siku hiyo hiyo. Waandikie madalali wote ulioongea nao, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, kwamba nyumba haiuzwi tena na picha ziondolewe. Ujumbe huo uuhifadhi. Kisha umwarifu mwenyekiti, ili mgeni akija kuuliza apewe jibu moja.

Sasa tuseme machache na madalali wenyewe. Ndugu zetu, tunajua kazi yenu ni ya jua na miguu. Mnatembeza watu siku nzima bila malipo, na wapo wenye nyumba wanaowatumia kumpata mnunuzi kisha wakauziana naye kando usiku ili wasiwalipe. Huo nao ni udhalimu, na mwenye nyumba anayetenda hivyo asijisifu kwamba ni mwerevu. Mkataba wa maandishi unawalinda ninyi kama unavyomlinda yeye. Mkiona kibao cha NYUMBA INAUZWA, bisheni hodi mchana, semeni majina yenu kamili, pitieni kwa mwenyekiti. Mwenye nyumba akisema hataki dalali, mwagane kwa heshima, msirudi kila siku wala kumpigia simu usiku. Msimtishe kwamba nyumba yake ina shaka. Kama bei yake ni kubwa, mwambieni wazi, na mumwonyeshe nyumba za jirani ziliuzwa kiasi gani. Kama tayari ana mkataba na mwenzenu, mwacheni mwenzenu amalize muda wake. Jina jema ndilo duka la dalali. Likifungwa, hana pengine pa kufanyia biashara.

Mwisho, tuelewane kazi ya polisi inaanzia wapi na inaishia wapi, maana hapo pia huzaliwa malalamiko. Dalali akidai malipo na mwenye nyumba akisema hadaiwi, hiyo ni kesi ya madai. Yenu ni mahakama, si sisi. Polisi si wakusanya madeni, na afisa yeyote akijitolea kukusaidia kumkamata mdeni wako kwa ujira, tuletee habari zake. Lakini mtu akichukua fedha kwa kudanganya, akaghushi sahihi au hati, akauza kisicho chake, akatishia, akavunja mlango au akaingia kwa nguvu, hapo ni kazi yetu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Njoo kituoni mapema, siku ile ile ukiweza. Leta daftari lako, karatasi, namba za simu na ujumbe wa malipo. Usifute chochote kwa hasira au kwa aibu. Kufungua jalada hakulipiwi, na dhamana ya polisi ni bure. Tena, kundi la watu likiwa limejaa mlangoni pa mtu na kupiga kelele za mwizi, tuiteni kabla hamjainua jiwe. Mkumbukeni mama yule.

Huenda mnajiuliza nyumba yake iliishia wapi. Mwaka uliofuata alikuja dalali mwingine, mzee wa makamo, akiwa na mwenyekiti wa kijiji. Mama alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Mzee hakukasirika. Alisubiri nje, wakaandikiana mkataba wa miezi mitatu kwenye ukurasa wa daftari lile lile, mwenyekiti akashuhudia. Nyumba iliuzwa katika mwezi wa pili, kwa bei iliyo chini kidogo ya ile aliyoitaka na juu sana ya ile aliyotishiwa nayo. Kabla ya kuhama alipita kwa familia mbili ambazo fedha zao hazijarudi, akawaaga. Hakuwa na deni lao, lakini alitaka wamwone usoni.

Hilo ndilo tunaloliomba kwenu: muuziane, mnunuziane na mlipane udalali kwa namna ambayo kesho mtaweza kutazamana usoni, mkiwa upande huu wa mpaka au ule.

 Mwenye swali aulize hapa hapa, na mwenye jambo la faragha atukute baada ya mkutano. Mungu awalinde majumbani mwenu.